Mahali Petu pa Kuvukia

Mimi na wifi yangu tulianza kufanya kazi pamoja mwaka ule kaka yake aliponioa, na hata alipofariki hatukuacha. Mimi nakata na kushona. Yeye anatia vifungo, anatoboa matundu yake na kukunja pindo kwa mkono. Chumba changu cha kazi kinatazama barabara, na chake kinaitazama hiyo hiyo kutoka upande wa pili. Zamani barabara yenyewe ilikuwa kitu gani? Vumbi, mashimo, na gari moja moja likipita polepole kama limepotea. Nilikuwa natupa mashati begani, navuka, namwachia, tunamsema mtu mmoja wawili, narudi kwenye cherehani. Siku nyingine hata sikuvuka. Nilisimama mlangoni nikamuuliza kwa sauti kama ameshakula, naye akajibu kwa sauti kuwa bado, ananisubiri mimi nipike.

Barabara ilipoanza kupanuliwa, mtaa mzima ukawa na maoni. Kinyozi alisema sasa tutafika mjini kabla hatujaondoka nyumbani. Fundi viatu, ambaye sijawahi kumwona ameridhika na kitu, akasema barabara ni ya wenye magari, sisi tutagawiwa moshi. Muuza maji akasema ajira ni ajira, na kijana wa mtu akipata kibarua cha kubeba mawe ni afadhali kuliko kushinda kibarazani akichezea simu. Mimi nilikuwa upande wa kila mmoja kwa zamu, ilitegemea nimeamkaje. Vibarua wa barabara waliniletea suruali zilizochanika magotini, kazi ikawa haikatiki, nikawa naisifia barabara mpaka wifi akanicheka.

Kisha wakaikata ile miti ya kivuli, mstari mzima. Sijui niseme nini juu ya miti ile. Nilikuwa naitukana kila asubuhi kwa sababu ndege walinichafulia vitambaa. Ilipoanguka nililia kama mjinga, na jua likaingia chumbani mpaka kwenye meza ya kukatia. Ndege wenyewe hawakwenda mbali. Walihamia kwenye nyaya za umeme wakaendelea kutuchafua kama kawaida.

Barabara ilipokwisha, magari yakaanza kupita kwa kasi ambayo hatujaizoea. Katikati waliweka uzio wa chuma, lakini pale kwetu walikuwa wameacha mwanya, na hapo ndipo kila mtu alipovukia: wanafunzi, wauza mboga, wagonjwa wanaokwenda zahanati, na mimi na mashati yangu. Tukaambiwa mwanya utazibwa, ila litajengwa daraja la waenda kwa miguu, moja tu kwa eneo lote. Nani angefikiria kuliweka mahali pengine? Watu walivukia pale tangu enzi za vumbi.

Niseme wazi daraja lile lilikuwa nini kwangu. Mume sina. Mwanangu yuko mbali na simu zake ni za kuuliza afya, nikishasema nzima hana swali lingine. Mtu ninayezungumza naye mimi ni wifi, na wifi magoti yanamsumbua, hawezi safari ndefu. Daraja likikaa pale, maisha yanaendelea. Likikaa kwingine, nabaki na cherehani.

Asubuhi moja tukaamka tukamkuta mwanamume amekaa kwenye kiti cha plastiki ukingoni mwa barabara, palepale kwenye mwanya. Amevaa koti la kung'aa, ana mwavuli, na mkononi ameshika kitu kidogo cha chuma. Ng'ambo alikuwepo mwenzake vilevile. Sasa, muda mfupi kabla ya hapo askari wa manispaa walikuwa wamewakusanya watu waliokuwa wakiruka ule uzio, wakawapakia kwenye gari na kuwasumbua siku nzima. Kinyozi alipowaona hawa wawili akatangaza kwamba mtego umetegwa, leo atakayevuka atajuta. Habari ikapita mlango kwa mlango. Wanafunzi wakazungushwa njia ya mbali. Wauza mboga wakauzia upande wao. Hata mgonjwa mmoja aliambiwa avumilie hadi kesho.

Hakuna aliyekwenda kumuuliza yule mtu amekuja kufanya nini. Ndivyo tulivyo. Mtu wa serikali akikaa kwenye kiti mbele yetu, kwanza tunafunga mlango, maswali baadaye.

Mimi nikiambiwa usiende, ndipo miguu inapowasha. Isitoshe mashati ya shule yalikuwa yanangoja matundu. Nikajitwika fungu langu nikatoka. Wifi aliniona kutoka mlangoni kwake akanipungia mkono wa kunirudisha, nikajitia sijaona. Nilipompita yule bwana, kile chuma mkononi mwake kikalia. Nikasimama nikamuuliza kama ananihesabu mimi mbuzi. Akasema kwa upole niendelee na safari, mama. Nilivuka, wifi akanifokea kwa woga wake wote, nikamwachia mashati nikarudi, na kile kitu kikalia tena. Jioni wale wawili wakakunja viti vyao wakaondoka bila kumgusa mtu. Kinyozi akasema wametuogopa.

Baada ya muda tukaitwa kwenye mkutano katika darasa la shule ya msingi. Mhandisi alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, sikuweza hata kumchukia vizuri. Akabandika ramani ubaoni na kutuonyesha daraja litakapokaa: kule mbele kwenye kituo cha mafuta, karibu na duka kubwa lenye vioo. Kila mtu akaanza kusema kwa mpigo. Fundi viatu akasema alijua, penye vioo ndipo serikali inapojiona sura. Nikasimama. Nilimwambia yule kijana kwamba watu wanavukia kwetu, siyo kule, na kama ana macho aje aone.

"Tulikuja, mama," akasema. "Tuliweka watu wa kuhesabu wanaovuka kila mahali, siku nzima. Kule kituo cha mafuta walivuka wengi sana. Hapa kwenu alivuka mama mmoja. Akaenda, akarudi."

Watu walicheka, nadhani kabla hawajaelewa. Kisha kicheko kikakatika. Nilimtazama kinyozi, naye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Siku ile watu walijificha," nikasema.

"Walijificha kwa nini?"

Mimi mwenye mdomo wangu huu nikageuka nitazame kama kuna wa kunisaidia. Muuza maji alikuwa anakuna shingo. Walimu walikuwa wanatazama dirishani. Ungemwambiaje kijana yule, mbele ya wenzake, kwamba alikuja kutuuliza tunataka nini nasi tukamkimbia? Mhandisi alisubiri kwa heshima, akaandika kitu, akatushukuru kwa maoni yetu.

Tulipotoka nilimgeukia wifi nikiwa nimevimba kwa hasira. Nikamwambia nilivuka peke yangu, na yeye alisimama mlangoni akinipungia nirudi. Kama angevuka yeye, na jirani zake, na watoto wao, tungekuwa na daraja.

"Ningejuaje, wifi?" akasema. "Mimi nilikuwa naogopa watakukamata wewe."

Roho iliniuma kwa jinsi alivyolisema, na bado sikumwomba radhi. Tuliagana pale mwanyani, yeye akavuka na magoti yake yale, polepole, gari likimpigia honi. Nilimtazama mpaka akafika.

Mwanya wakauziba kwa ukuta wa zege ulioniishia kifuani. Juu yake naona kichwa cha wifi na mabega, na yeye ananiona mimi hivyohivyo. Kuongea haiwezekani, magari yanameza kila neno. Mwanzoni tulikuwa tunaonyeshana nguo hewani na kuashiria kwa vidole, watu wa kwenye magari wakatuona vichaa. Nilizunguka na mafungu yangu mpaka kule kwenye kituo cha mafuta, nikapanda ngazi, nikashuka, nikarudi nyuma mwendo uleule kwa upande wa pili. Nilikuwa nikifika nina jasho na gubu, na asubuhi yote imekwisha. Wateja wakaanza kulalamika. Kuna kijana upande wangu ana mashine ya kutoboa matundu, anamaliza fungu zima mtu akinywa chai. Nilipomweleza wifi kwamba nitampa kijana huyo kazi, kwa muda tu, alisema ni sawa, akaongeza kuwa hata macho yake siku hizi hayaoni tundu la sindano. Uongo mtupu. Wifi anaona kunguni ukutani akiwa amelala.

Kazi ilipotoka mikononi mwake, safari nazo zikapungua. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Kukawa na mvua, kukawa na joto, kukawa na nguo za kumalizia, mpaka ikawa nikienda lazima nitume ujumbe kwanza nijue kama yupo. Kinyozi husema barabara imetuletea wateja na hilo ni kweli, hata mimi nina wateja ambao sikuwa nao. Nashona mpaka mgongo unauma. Jioni nazima cherehani, ndipo ninaposikia kwamba tangu asubuhi sijazungumza na mtu zaidi ya kumtajia kipimo chake cha kiuno.

Juzi nimekwenda. Nilimkuta wifi amefagia, amejifunga nguo nzuri, na kitambaa ametandika mezani. Aliniambia nipite ndani, nikae pale kwenye kiti chenye mto. Mimi, ambaye nilikuwa naingia kwake bila hodi na kufunua sufuria kabla ya salamu, nikakaa kwenye kiti chenye mto nimeunganisha magoti. Akaleta chai kwenye vikombe vya wageni.

"Habari za huko?" akaniuliza.

"Huko ni wazima," nikasema.

Tukanywa. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, lakini yalikuwa madogo madogo, ya kinyozi kukosea kichwa cha mteja, ya suruali niliyoikata fupi, mambo ya kutupiana kwa sauti mtu akiwa anafanya kazi. Hayakufaa kubebwa safari yote ile. Nikauliza magoti, akajibu hajambo kidogo. Akauliza kijana wa mashine, nikasema anajitahidi. Nilitaka kumwambia kwamba kijana yule hajui kumsema mtu vibaya, kwamba nimechoka kumsema mtu peke yangu. Nikanywa chai.

Nilipoaga akachukua kanga yake, akanisindikiza hadi kwenye ngazi za daraja, hatua kwa hatua na magoti yake, na nilipomwambia asijisumbue, arudi, akakataa. Pale chini ya ngazi akanishika mkono.

"Ahsante kwa kuja, wifi," akasema. "Karibu tena."