Fundo kwenye Koki

Tangi la choo katika mashua ya mjomba linachukua lita arobaini, na kazi yangu ilikuwa kuligonga. Ukiligonga kwa kidole likalia kama debe tupu, safari iende. Likinyamaza, mashua inapelekwa kwanza kwenye pampu ya gatini ili tangi linyonywe. Chini yake kuna koki ya kumwagia baharini, na koki hiyo mjomba aliifunga kwa uzi mwekundu kwa mkono wake mwenyewe. Haifunguliwi mpaka tupite boya la mwisho na nchi kavu ibaki mstari tu.

Jumamosi ile niligonga, tangi likanyamaza. Wageni wanne walikwisha kupanda, mabibi wawili na waume zao, wamevaa kofia mpya, na mjomba alikuwa akiwachekesha. Nikasimama karibu naye na neno mdomoni: tangi limejaa. Maneno mawili. Lakini kutaja habari za choo mbele ya watu walionipa mkono muda huo huo sikuweza. Nimesoma chuo miaka mitatu, nikashindwa na maneno mawili.

Tulitia nanga kwenye ghuba ndogo, mahali Mama Chaza anapofugia chaza wake katika vikapu vilivyoning'inizwa kwenye nguzo. Bibi mmoja akashuka chooni, akarudi akininong'oneza, "Binti, mpini wa choo umegoma. Na maji yanapanda." Alikuwa na haya kuliko mimi. Nikamwonea huruma. Wenzake walipokuwa wakipiga picha mbele, nilishuka, nikafungua uzi, nikazungusha koki. Tangi liliguna kama mtu anayetua mzigo. Nilipoufunga uzi tena, nilipiga fundo ninalolijua mimi, la kamba ya kiatu.

"Sasa kipo sawa, bibi."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Nikaenda mbele kabla hajaniongezea baraka nyingine.

Wiki ya pili maofisa wa afya walipima maji ya ghuba, wakakuta uchafu wa choo, wakamkataza Mama Chaza kuvuna hata chaza mmoja kwa miezi miwili. Walianzia kwetu, kwa kuwa mashua yetu hutia nanga pale. Mjomba akawashusha hadi kwenye koki. "Uzi huu nimeufunga mwenyewe," alisema, "na haujaguswa." Mimi nilikuwa nyuma yao nimeshika ndoo. Wakaridhika, maana mjomba ana kibali cha miaka ishirini bila doa. Basi macho yakageukia choo cha shimo cha wifi yake Mama Chaza, kilicho hatua kumi kutoka majini. Wakaamuru kivunjwe.

Asubuhi ya kukivunja, mjomba aliombwa aje na nyundo kubwa. Niliibeba mimi. Mawifi hao wanaishi ua mmoja, na kwa miaka mingi chumvi ya mmoja ilikuwa ya wote. Siku hiyo kila mmoja alisimama mlangoni pake.

"Nilikwambia choo kiwe mbali," Mama Chaza alisema. "Ukataka upepo wa bahari. Haya, upepo huo!"

"Choo changu kina saruji nene kuliko uso wako!" wifi akamjibu. "Hakivuji hiki. Labda chaza wako wameharisha wenyewe."

Siku nyingine wangecheka wote wawili. Mama Chaza hakucheka. "Kuanzia leo usiniite wifi," alisema. Yule mwenzake akaingia chooni mwake, akatoka na kopo na ufagio, akaviweka juani kama mtu anayehama.

Mjomba akanyoosha mkono bila kunitazama. "Lete nyundo."

Sikumpa.

"Lete, mwanangu."

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Tangi la mashua lilijaa, nikalimwaga pale kwenye vikapu. Kinyesi ni chetu."

Wifi akanipima kwa macho toka utosini hadi miguuni. "Lote?"

"Lita arobaini."

"Na mimi siku zote hizi nachungulia shimo kwa tochi nikitafuta ufa!"

Nikamgeukia mjomba. Nilijua nilichomvunjia: kibali, miaka ishirini, na neno lake mbele ya watu. Nilitaka kupiga magoti. Lakini yeye alikuwa ameketi juu ya tofali, ameinamisha kichwa.

"Fundo nililiona siku ile ile maofisa walipokuja," alisema. "Mimi sifungi vile. Nikawaambia halijaguswa." Akamtazama wifi. "Na leo nimekuja kukuvunjia choo, dada yangu."

Mama Chaza akaokota kopo na ufagio, akavirudisha ndani, akakawia huko kidogo. Alipotoka aliitwaa nyundo mikononi mwangu. "Hii inabaki hapa," alisema, "mpaka mrudi kutoka ofisini." Hakuniita binti, kama alivyozoea.

Tulipofika kwenye mlango wa ofisi ya afya, mjomba alivua kofia, akanisogeza mbele yake.

"Anza wewe," alisema. "Mimi hawa nimeshawadanganya."