Kodi ya Jina la Hatsukari

Nilikwenda Kanazawa, Japani, kukaa msimu mmoja tu wa baridi, nikajikuta nimeosha mapipa ya Mama Shizue miaka kumi na mmoja. Duka lake, Hatsukari, liliuza achari ya figili iliyolazwa kwenye pumba za mchele. Alipotimiza miaka themanini akaamua kuuza, akapange chumba kwenye nyumba ya wazee yenye watu wa kumsaidia. Kampuni moja ya Osaka ilitaka mapishi na jina, mapipa haikuyajali. Akaletwa mthamini, binti mtaratibu aitwaye Tokiwa.

Tokiwa alinieleza kazi yake huku nikimmiminia chai. Jina haliwekwi kwenye mizani, kwa hiyo wana njia zao. Unaweza kuhesabu ingegharimu kiasi gani kulijenga upya, au ukaangalia majina kama hilo yaliuzwa kwa bei gani. Yeye alipenda njia ya tatu: chukulia jina si lako, umelipanga kama unavyopanga nyumba. Kodi ambayo ungelipa miaka yote ijayo, hiyo ndiyo thamani yake. Kwa hesabu hiyo Hatsukari ikafika yeni milioni arobaini na mbili. Mama Shizue akauliza kama hakuna sifuri iliyozidi.

Shida ilikuwa Kanematsu. Huyu alimtumikia marehemu mume wa Mama miaka ishirini na miwili, na siku ya kuondoka akakabidhiwa pazia la mlangoni lenye jina la duka, akafungue duka lake ng'ambo ya mto kwa jina hilohilo. Ndivyo kule wanavyomuaga mfanyakazi mwema. Karatasi hakuna. Kila mwaka mpya Kanematsu huleta pipa dogo la achari, huinama hadi paji la uso liguse mkeka, kisha huenda zake.

Tokiwa aliposikia habari za pipa aliweka kalamu chini. Alisema kwa upole kwamba likiandikwa kuwa kodi, Kanematsu ni mpangaji tu, jina ni la Mama peke yake na bei inabaki palepale. Ila mnunuzi ataweza kumvua jina. Likiandikwa kuwa zawadi, jina lina wenyewe wawili, na bei inashuka hadi milioni kumi na saba.

Kanematsu akaitwa. Alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Mama, waandike kodi," alisema. "Mimi nitatundika jina langu mwenyewe."

"Lako? Nani atanunua achari ya Kanematsu? Hata mkeo anakuita 'wewe'."

Tokiwa aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anacheka.

"Sitanii, Mama. Pesa hizo ndizo chumba chako cha uzeeni. Mzee angekubali."

"Mzee alikupa kwa mikono miwili, nami nilikuwepo. Usinifundishe mume wangu." Akamgeukia Tokiwa. "Binti yangu, ile ni salamu ya mwaka mpya. Andika hivyo."

Tokiwa akamkumbusha kwamba anapoteza milioni ishirini na tano. Mama akasema kutoa alijifunza shuleni. Akagonga muhuri wake, kisha akauliza hizo zilizobaki zitalipia chumba miaka mingapi. Tokiwa akahesabu mara mbili: mitano, labda na miezi michache.

"Na nikichelewa kufa?"

Kanematsu, macho kwenye mkeka, akasema nyuma ya duka lake kuna chumba kinachopata jua asubuhi.