Insha ya Mama Mkwe

"Sababu ya pili," mama mkwe akasoma, amesimama wima kama shahidi mahakamani, "mke wa mwanangu hunihurumia mbele za watu."

Darasa zima likanigeukia. Nilikuwa nimeegemea ubao, chaki mkononi, nikitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wageni. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima, wafanyakazi wa hospitali waliokuja kusaka cheti baada ya kazi: madereva, wapishi, mlinzi mmoja mwenye wajukuu. Wote walijua kwamba mwalimu na msomaji wanaishi nyumba moja.

Mama mkwe alikuwa kaimu msimamizi wa chumba cha kufulia. Kazini walimwita Pasi, maana hakuna aliyepita mbele yake asinyooshwe. Ukaimu huo aliushikilia kwa miaka, mpaka ikatoka amri: asipopata cheti mwaka ule angerudi kwenye mashine, na kiti chake kingekwenda kwa msichana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukunja shuka. Kituo chetu nacho kilikuwa na sharti lake. Huendi kwenye mtihani bila kupita jaribio la insha, na jaribio nililisahihisha mimi.

Hakunipenda, nami sikumpenda. Mwanawe nilimchukua, jikoni kwake nikaingia, kisha nikamkuta kwenye dawati la mbele akiniita "mwalimu" kana kwamba anatema mbegu ya limau.

Na insha zake zilikuwa mbovu. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa amewakaririsha wote utangulizi mmoja, wakaushika kama sala. Iwe mada ni maji, ajali za barabarani au rafiki yangu mpenzi, wao walianza tu: "Wahenga hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa waliponena..." Wahenga walinena mpaka ukurasa ukaisha, na mwandishi mwenyewe hajasema neno. Aya hizo nilizipiga kalamu nyekundu toka juu hadi chini. Siku nilipoanza kukata za mama mkwe, chai yangu nyumbani ilikuja baridi.

Kisha tukagombana kwa sababu ya nguo nilizoanika sebuleni siku ya mvua. Alianza na shtaka, moja kwa moja. Akaleta ushahidi, akamwita mume wangu athibitishe, na kabla sijafungua mdomo akawa ameshataja nitakachojibu na kukivunja. Nilishindwa vibaya. Nikiwa nazikusanya zile nguo nikazidi kupandwa na hasira, kwa sababu niligundua kwamba huyu mama anajua kutunga insha kuliko darasa lote, ila anaitunga kwa mdomo, na mada yake ni mimi.

Siku ya jaribio nikawaambia, "Leo wahenga wamepumzika. Andikeni juu ya mtu anayewakera, kisha kila mmoja asome yake. Mama, wewe najua unaye."

"Ninaye," alisema. "Asije akalia tu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Ndipo tukafika kwenye hiyo sababu ya pili. "Wageni wakija," alisoma, "huniambia, 'Mama, pumzika,' na huku ameshanyakua mwiko wangu. Atajibu kwamba anaonea huruma umri wangu. Lakini mtu anayekuinua kitini ili akae yeye, hajakuhurumia."

"Eee!" alisema mlinzi, kisha akainama kujifanya anatafuta kalamu.

Sababu ya tatu siitaji. Ilikuwa uongo siku ile na ni uongo mpaka leo, ingawa aliitetea vizuri.

Nilibaki na karatasi yake kwenye chumba cha walimu, na sitaficha: nilitamani kumwangusha. Ningempa chini ya nusu, angerudi kwenye mashine, na kule nyumbani angenyamaza. Ningesema ametoka nje ya mada, na nani angebisha? Nilisoma mstari kwa mstari nikitafuta pa kumkamatia. Kila mstari ulinichoma, na kila mstari ulikuwa wake mwenyewe. Hapakuwa na mhenga hata mmoja. Nikaandika kumi na nane juu ya ishirini, na kalamu ikatoboa karatasi.

Mtihani alikuja kuupita, usimamizi akaupata, akastaafu nao. Siku ya kuagwa kwake aliwashukuru watu wengi, hata fundi wa mabomba. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele na hakunitaja.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku niliporudisha karatasi za jaribio, alisubiri wenzake watoke, akaja mezani kwangu na kuweka kidole juu ya alama yake.

"Mbili zimekwenda wapi?"

"Insha haina hitimisho, mama."

Akaisoma aya ya mwisho polepole, midomo ikimtembea. Kisha akanitazama.

"Haina," alisema. "Kwani nimemalizana na wewe?"

Akaikunja karatasi, akaitia mkobani. Nikafunga darasa, tukashika njia ya nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.