Mafiga ya Mama Bura

Basi pikia mawe ya wafu, jirani, ule na kivuli chako, Yuditha anasema kutoka upande wake wa ua wa minyaa, na Mama Bura anamjibu kwamba wafu wenyewe wana mawe elfu, matatu yatawapunguzia nini. Ni kweli aliyatoa kwenye kile kilima cha mawe ndani ya uzio wa serikali, kaburi la watu wa kale sana, ambapo kila mpita njia huongeza jiwe moja wala hapunguzi. Lakini mafiga yake yalipasuka, na yeye hajui kuishi bila wageni. Sasa chungu kimejaa makande, na tangu Jumapili hakuna aliyepiga hodi. Anajilaza mkekani mchana huohuo, hasira ikitokota pamoja na makande, na mkeka unageuka njia.

Njia inakwenda, inajikunja, inamrudisha alikotoka, inakwenda tena. Anapita mji ambao kila nyumba imesimama juu ya pacha wake aliyepinduka, kama vile mji mzima unajitazama majini. Mbele yake anatembea mwenyeji. Akigeuka, uso hana, pako laini kama yai. Hapa wanakaa akina nani, baba? Wenye nyumba isiyo na mlango, anasema, na wageni wake hawaagi. Ndani anawakuta wamezunguka jiko lisilo na moto, kila mmoja ameketi juu ya jiwe lake, isipokuwa wazee watatu waliosimama. Mama Bura, ambaye hajawahi kumwacha mgeni asimame, anaona aibu mpaka masikioni. Kaeni, wazee wangu. Bibi mmoja anamjibu kwa upole: tungekaa, mwanangu, ila viti vyetu umeviinjikia chungu.

Njia inamrudisha mekoni kwake, anaepua chungu, anabeba mawe mawili. La tatu linamshinda. Mwenyeji analichukua, na njia inajikunja tena.

Anaamka mkekani. Viganja vyake vina masizi. Chungu kiko sakafuni, kinafuka mvuke, na mekoni yamebaki majivu matupu. Hodi, anaita Yuditha, na sauti si ile ya ugomvi. Anasema amemwona akirudisha mawe kilimani, akamwita mara mbili wala hakuitika. Na yule aliyekubebea la tatu ni nani, jirani? Uso sikuuona.

Mama Bura anatazama viganja, anatazama mlango, hajui ameamkia upande upi. Anapakua sahani tatu.

Karibu ndani, Yuditha, makande yasipoe. Na huyo aliyesimama nyuma yako mwambie apite naye ale, kigoda kipo.