Mapigo ya Mkalimani

Tangu apandikizwe betri ya moyo, mkalimani wa mahakama hakuanguka tena, na kwa hilo alishukuru. Lakini kichwa kilikuwa kizito kama kimejazwa pamba, na maneno aliyoyajua tangu utotoni yalimchelewa. Asubuhi moja mshtakiwa alisema hakumsukuma jirani yake; yeye akatafsiri kwamba alimsukuma. Alishtuka kabla karani hajamaliza kuandika, akajisahihisha huku jasho likimtiririka. Hakimu alikubali, ila mshtakiwa hakumwondolea macho mpaka kesi ilipoahirishwa.

Alikwenda moja kwa moja kliniki. Fundi wa betri, mama mpole mwenye miwani, alimwekea kifuani kisahani cha kuisomea betri, akatazama skrini, akamwambia moyo umewekewa mapigo sitini kwa dakika, pengine machache mno kwa kichwa chake. Daktari aliruhusu yapandishwe hadi themanini, wajaribu mwezi mmoja. Hakuahidi kitu, alisema wengine hupata nafuu, wengine hawaoni tofauti.

Wiki hiyo maneno yalikuja mbio, tena mbio mno. Akawa anawakata mashahidi kauli, anawamalizia sentensi. Nyumbani alisugua sufuria zilizokwisha kusuguliwa, akahamisha kabati, akalirudisha, akakaa, akainuka. Mume wake, dereva mstaafu asiyependa maneno mengi, alimfuata kwa macho kama anayetazama mpira.

"Mke wangu, kaa basi. Hata mimi nahema."

"Nikikaa naona kama kuna mtu ananisubiri mlangoni."

"Si bora hali ile ya kwanza?"

"Ile ya kwanza ilitaka kumfunga mtu bure," alisema, machozi yakimlengalenga.

Alirudi kliniki kabla ya mwezi kwisha. Fundi alipendekeza warudi sitini, lakini yeye akakataa katakata. Kwa majuma matatu walipunguza kidogo kidogo, wakatua sabini. Haikuwa starehe. Mguu ulimchezacheza chini ya meza, na mara mojamoja neno lilimponyoka. Lakini alijua limeponyoka, na hilo lilimpa ujasiri wa kufanya alichokikwepa muda wote: aligonga ofisini kwa hakimu, akamweleza habari ya moyo wake.

Hakimu alimsikiliza, kisha akasema kesi nzito zitakuwa na wakalimani wawili. Mkalimani alitoka amekasirika kwa kuwekewa mwenzake, na papo hapo amepumua kwa kuwa siri imetoka. Alilizunguka jengo mara mbili ndipo akaweza kurudi kukaa kwenye kiti chake.