Chachu ya Mama Eupraksia

Tangu niolewe katika nyumba ya padri, maana mapadri wetu wa Kigiriki huoa, mama mkwe wangu Eupraksia hakuniruhusu kugusa chungu chake cha chachu. Kuosha vyombo, sawa. Kuokota zeituni mpaka kiuno kikatike, sawa. Lakini mkate wa altare aliukanda mwenyewe kila Jumamosi, kwa chachu aliyoachiwa na mama mkwe wake, naye aliachiwa na wake, tangu enzi ambazo hapa milimani Kalabria, kusini mwa Italia, hakuna aliyewahi kumwona Mnormani, askari wa kaskazini anayetutawala sasa.

"Mikono yako ina haraka," aliniambia. Nilinuna weee, mpaka nikachoka kununa.

Basi mwaka ule mama mkwe alipougua, askofu mpya, wa Kilatini, aliyewekwa na Wanormani, alimtuma shemasi wake Anskitili. Kijana kidevu kitupu, kama yai. Alikuja na kisanduku cha mikate isiyotiwa chachu, myembamba kama ganda la kitunguu. Akasema kuanzia sasa huo ndio mkate wa altare, na padri atakayekataa arudishe ufunguo wa kanisa.

Mume wangu, Padri Nikifori, alikipokea kisanduku kwa mikono miwili. "Ndiyo, Shemasi."

"Ndiyo Shemasi!" nilimfokea jikoni. "Umefyata mkia na ndevu zote hizo!"

"Anthusa, nikinyang'anywa kanisa, nani atawazika watu wetu? Huyu asiyejua hata sala moja ya maziko kwa Kigiriki?"

Nilisugua sahani kwa hasira, kwa kuwa alisema kweli.

Mama mkwe alisikia yote. Ugonjwa ulimla mwili, masikio ukamwachia. "Mkate bila chachu ni maiti ya mkate," alisema. "Hauingii kinywani mwangu. Bora nife bila komunyo."

Maneno yalikuwa makali, lakini niliona macho yake. Aliogopa. Mwanamke aliyewaokea komunyo wagonjwa wote wa kijiji aliogopa kufa bila yake. Sikuwahi kumwona akiogopa kitu, nikamwonea huruma.

Asubuhi aliposhindwa kuinua kichwa, nilikifunua chungu. Nilikanda taratibu, nikijizuia. Nikaupiga mkate mhuri wa mti wa mama mkwe, wenye msalaba, nikauoka. Nikifori akaingia, nikajiandaa kugombezwa. Alisimama tu akiunusa. Kisha akaufunga kwa kitambaa cheupe, akaenda chumbani kwa mama yake.

"Mama, nakwenda kuusomea misa. Nitakuletea."

Shemasi, aliyebaki kijijini kuhakikisha amri inafuatwa, alikuwa amesimama mlangoni. "Padri, ukiingia kanisani na mkate huo, unajua nitakachokudai."

"Najua." Nikifori akafungua mkanda, akamwekea ufunguo mkononi. Mume wangu mwoga! Nilitamani kumkumbatia palepale.

"Nikifori," mama mkwe akaita. "Hebu niuone."

Aliubonyeza mkate kwa kidole. "Nani kaukanda?"

"Mimi, Mama."

"Umeumuka vizuri." Kisha akamgeukia shemasi. "Wewe kidevu kitupu. Mrudishie mwanangu ufunguo wake, halafu lete huo mkate wako uliokwisha kusomewa misa."

"Mama, usifanye hivyo!" Nikifori akapiga magoti. "Mimi nimeshaamua."

"Nimeona ulivyoamua, nimefurahi sana. Sasa nyamaza. Watoto wa hapa watabatizwa na nani? Na yai hili?"

Shemasi aliiva masikio kwa aibu, lakini aliurudisha ufunguo. Nikifori alimpa mama yake komunyo ya Kilatini huku akilia. Ilimganda kwenye kaakaa, nikamnywesha maji kidogo.

"Mnh," akasema. "Mungu ataielewa tu." Kisha akanishika mkono. "Chungu usikizibe sana. Chachu inataka hewa."

Alikufa kabla ya Jumamosi. Mkate wangu tuliumega matangani, na shemasi aliomba kipande cha pili.

Siku hizi nakanda kila Jumamosi na kuupiga mhuri wake. Altare haiujui tena. Tunaula nyumbani baada ya misa, na majirani hupita wakijifanya wamekuja kuazima chumvi. Chungu kile nilikionea wivu ujana wangu mzima. Sasa ni changu, na kila nikikifunua namtafuta mtu wa kuniambia mikono yangu ina haraka.