Wimbo wa Wifi

Wateja wa msusi hawakujua kwamba wao ndio waliokuwa wakichagua nyimbo za redio. Mtu alikuja kusukwa, akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa, na msusi akaweka simu juu ya rafu, kati ya kopo la mafuta na mkebe wa vitana, akafungulia wimbo ambao haujasikika popote. Hakusema ni wa nani. Alisuka tu. Kichwa kikitulia tuli hadi mwisho, wimbo ule bado haujaiva. Kichwa kikianza kuyumba, mstari ukaenda upogo, na msusi akalazimika kusema, "Hebu tulia, wewe, nitakusuka njia ya panya," basi wimbo umepita. Jumamosi utasikika.

Kipindi kiliitwa "Wasio na Meneja". Kilirushwa na redio ndogo iliyopanga chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Malipo hayakuwepo. Ilikuwa saa moja ya asubuhi, msusi mwenyewe na maiki, na nyuma ya kioo fundi mitambo aliyeitwa Kizibo, kwa kuwa ni mfupi na akishakaa mahali hatoki. Siku nyingine zote msusi alisuka, akafua, akapika, akamlea binti yake aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Mumewe, dereva wa lori, nyumbani alikuja kama mgeni. Kwa hiyo kipindi kizima kilimwegemea mtu mmoja: wifi yake, dada wa huyo mume, aliyekuja kila Jumamosi kushika mtoto. Wifi asipokuja, hakuna kipindi.

Na wifi alikuja na mdomo wake.

"Unapaka rangi ya midomo ya kwendea redioni? Nani anakuona huko?"

"Wewe si unaniona?"

"Mimi nakuona, ndiyo maana namhurumia kaka yangu."

Wakacheka. Ndivyo walivyopendana.

Jumamosi moja wifi hakutania. Alimpokea mtoto, akampakata kiunoni, akasema huku anatazama mlango, "Nimerekodi wimbo. Nimekutumia kwenye simu. Usiufungue mbele yangu."

Jumatatu msusi akaufungulia saluni. Sauti ya wifi ilikuwa safi, ala zimepangwa vizuri, maneno yanasikika neno kwa neno. Mteja wa kwanza, muuza viatu, alitulia kama anapigwa picha. Wa pili, mwalimu wa chekechea, aliuliza kama kuna pa kuchajia simu. Wa tatu alisinzia, na kiitikio kilipofika akakoroma. Msusi akaurudia mwenyewe akiwa anafua, akitafuta pa kuupendea. Hakupaona.

Angeweza kuupiga tu hewani, yakaisha. Lakini wapaka rangi, makuli, wauguzi, watu chungu nzima walikuwa wamemtumia nyimbo zao akawakatalia kwa kipimo hichohicho, na wengine walimlilia kwenye simu. Akimpitisha wifi, kipindi kimekuwa cha ukoo. Asipompitisha, kipindi hakipo. Akachagua kunyamaza.

Jumamosi ikapita, na nyingine ikapita.

"Foleni ni ndefu, wifi yangu," alisema msusi.

"Foleni gani hiyo? Hata hospitali mtu anaitwa."

Siku ya Alhamisi wifi akatokea saluni, akaketi kwenye kigoda bila salamu. "Nisuke. Na wimbo wangu uufungulie hapa hapa, kama unavyowafanyia wengine. Kizibo ameshaniambia."

"Wifi, tusuke kwanza, tutaongea."

"Fungulia."

Msusi akafungulia. Akagawa nywele kwa kitana, akaanza mstari wa kwanza, na chini ya vidole akakisikia kile kichwa kimekaza, kinangoja. Kikangoja ubeti mzima. Kikangoja na kiitikio. Halafu kikalegea, kikatulia kama vya wale wengine. Wimbo ulipokwisha, simu ikajiendea kwenye wimbo uliofuata, wa mpaka rangi mmoja aliyepiga ndoo badala ya ngoma. Kabla msusi hajaifikia kuizima, kichwa cha wifi kikaenda kushoto, kikarudi, na mstari ukapinda. Wote wawili wakauona kwenye kioo.

"Zima," wifi alisema. "Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia mara moja ningekutukana, nikanuna siku mbili, tukala pamoja. Wiki zote hizi unanichekea usoni."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba Jumamosi hutakuja."

"Ahaa!" Wifi akasimama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. "Mwenzio najiona shangazi, kumbe ni yaya." Akajifunga kitambaa, akatoka.

Jumamosi hakuja. Msusi alisimama dirishani mpaka chai ikapoa, kisha akamfunga mtoto mgongoni, akaenda naye.

"Hapa si kliniki," alisema Kizibo.

"Leo ni kliniki. Washa mitambo."

Mtoto alikaa mapajani vizuri kwa nyimbo mbili. Wimbo wa tatu ulipoanza akanyakua hedifoni, akaivuta na waya wake, redio nzima ikawa kimya, na Kizibo akaruka kutoka kitini kama amekalia pini. Sauti iliporudi, kitu cha kwanza kwenda hewani kilikuwa kilio: "Azi! Azi!"

Msusi akaisogelea maiki. "Samahani, wasikilizaji. Huyu anamwita shangazi yake, ambaye leo hayupo. Nilimficha jambo ambalo nilipaswa kumwambia usoni, na kosa ni langu. Tuendelee na muziki."

Alipofika nyumbani, wifi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mtoto wa kaka yangu unamchezesha kwenye nyaya? Umeme ungempiga je?" Akamnyakua, akamgeuza huku na huku kama anayekagua papai. "Na hajala."

"Amekula."

"Amekula nini, betri?"

"Wifi, nisamehe."

"Nimesikia. Na mji mzima umesikia, sasa napita wapi mimi?" Akaingia ndani, akaketi, akaanza kumvua mtoto viatu. "Jumamosi usimtoe mtoto humu. Nitakuja. Na sikujii wewe, namjia yeye."

"Sawa."

"Wimbo wangu nimeupeleka kwenye ile redio nyingine ya karibu na stendi. Wanaupiga Jumatano jioni. Wao hawapimi watu vichwa."

"Nitausikiliza."

"Sikiliza. Ila usije ukaniambia kitu."

"Hata nikiupenda?"

Wifi akawa anapambana na kiatu cha kushoto, kilichokuwa na fundo. "Ukiupenda wewe sitajua kama ni kweli au unatafuta wa kukushikia mtoto," alisema. "Nitawauliza watu baki. Kalete kikombe chake, ana kiu."

Msusi akaenda kukileta.